Kitunguu Hujibu Mwakani

Mama mkwe ndiye aliyegundua kwamba navipanda vichwa chini. Alikuwa amesimama mlangoni, mtandio umefungwa hadi masikioni kwa sababu ya upepo, ananitazama nilivyopiga magoti kwenye udongo wa mbele ya nyumba. Akaniacha nimalize mstari mzima. Ndipo akauliza, kwa ile sauti ya mtu asiyetaka kumwaibisha mwenziwe, “Mwanangu, hiyo ncha si ndiyo ya juu?”

Nilikuwa na mfuko wa vitunguu hamsini vya tulipu, zawadi ya mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa anahama. Sikuwahi kupanda ua lolote kabla ya hapo. Nilichojua ni kwamba vinapandwa majira ya mapukutiko, kabla ardhi haijaganda, na kwamba vinachanua majira ya machipuko. Ya katikati nilidhani yatajipanga yenyewe.

Niseme kidogo kuhusu jina, maana kila nikisimulia haya hakosi anayecheka. Ndiyo, ni vitunguu. Si vya kupikia, lakini umbo ni lile lile: maganda manene yaliyokumbatiana, kitako bapa kinachotoa mizizi, na ncha inayotoa majani. Lugha yetu ina neno tunguu kwa kitu cha namna hii. Kile cha jikoni ni tunguu lililobandikwa ki- ya udogo. Nyumbani kwetu tumezoea kusema vitunguu vya maua, nami nitasema hivyo hivyo.

Siku ile nilifukua baadhi nikavigeuza. Vingine niliviacha kwa kuyahurumia magoti yangu. Machipuko yalipofika niliona kwamba hata hivyo vilivyolala kichwa chini viliota: chipukizi lilitoka kwa chini, likajipinda kama ndoana, likatafuta njia ya juu. Ila vilichelewa, vikatoka vifupi, kama mtu aliyefika harusini baada ya watu kunawa mikono. Kwa hiyo kosa langu la kwanza, lile lililonitia aibu kuliko yote, ndilo lililokuwa dogo kuliko yote. Makubwa nilikuwa nayafanya bila mtu yeyote kunicheka.

Wakati napanda, kitinda mimba wetu, miaka saba wakati huo, alichukua kitunguu kimoja akakipasua katikati kwa kisu, kutoka ncha hadi kitako. Nilitaka kumgombeza, kisha nikaona alichokishika. Katikati ya yale maganda meupe kulikuwa na kitu kidogo, rangi ya njano inayokaribia kijani. Majani yalikuwa yamekunjwa tayari, na ndani ya majani mlikuwa na ua. Dogo mno, halina rangi, lakini kamili. “Kumbe limeshatengenezwa,” mtoto akasema.

Angetaka kunifundisha kwa fimbo asingesema vizuri zaidi. Ua la machipuko yajayo huundwa ndani ya kitunguu katika kiangazi kilichotangulia. Ukikinunua, umenunua kazi iliyokwisha kufanywa na mkulima fulani kwenye shamba lake. Mwaka wa kwanza, ukikosea karibu kila kitu, bado utachanua, na utajiona hodari. Mimi nilijiona. Ilinichukua miaka minne kuelewa kwamba nilichokuwa nakisifia mbele ya wageni si changu, na kwamba changu kingeonekana mwaka unaofuata. Ndiyo shida ya kujifunza kupitia vitunguu. Mchicha ukikosewa hunyauka wiki hiyo hiyo, ukajua. Kitunguu cha ua kinakaa kimya mwaka mzima, halafu kinakujibu wakati umeshasahau ulichokiuliza.

Kilichowahi kujibu ni kindi. Nilipanda kwa kina cha kidole kimoja, kwa sababu ndicho kina ambacho sepetu yangu ndogo ilikwenda bila kusumbua. Asubuhi ya tatu nilikuta vishimo kumi na kitu, maganda ya kahawia yametapakaa kama baada ya karamu. Kindi wanapenda sana tulipu na krokasi, kijiua kifupi cha mwanzo wa machipuko, na udongo uliotoka kuchimbuliwa kwao ni kama bango. Kanuni ambayo ningeisikia mapema kama ningeuliza ni hii: chimba mara tatu ya urefu wa kitunguu chenyewe. Tulipu ya sentimita 5 inakaa chini sentimita 15. Krokasi, ambayo ni kama kokwa, inatosheka na 7 au 8. Huko chini joto halipandi na kushuka ovyo, shina linapata kitu cha kushikilia, na kindi mvivu anakata tamaa.

Kindi asiye mvivu anahitaji waya. Mume wangu alilaza wavu wa kuku juu ya udongo, akaukandamiza kwa mawe pembeni, na tukaufunika kwa majani makavu. Majani ya tulipu hupenya kwenye matundu bila shida. Siku hizi tunauondoa yanapofika urefu wa kidole, kwa sababu mwaka mmoja tulichelewa kuuondoa na ikabidi tukate waya mshipa mmoja mmoja kwa koleo, watoto wakiwa wameinua majani kama wasaidizi wa daktari wa upasuaji. Pilipili ya unga nilijaribu pia. Mvua moja, imekwisha.

Dafodili, yale maua ya njano ya machipuko, hawaguswi. Zina sumu inayoitwa laikorini, na wanyama wanaijua bila kusoma. Tangu nilipogundua hilo nimezipanda kama askari wa kuzunguka tulipu. Sitaapa kwamba zinazuia kindi kupita katikati, lakini angalau najua kwamba hata mwaka wa balaa, njano itakuwepo.

Machipuko yale ya kwanza yalikuwa ya ajabu. Tulipu thelathini na moja zilizonusurika zilifunguka ndani ya wiki moja, nyekundu zenye kitovu cheusi, na watu waliokuwa wakipita wakitazama simu zao wakawa wanainua vichwa. Zilikuwa zinafunga jioni na kufunguka jua likipanda; binti yangu alikuwa anatoka kila asubuhi kuhakikisha kwamba zimeamka. Nikajipiga kifua. Nikaanza kutoa ushauri, Mungu anisamehe.

Kisha petali zikaanguka. Kilichobaki kilikuwa majani mapana yaliyolegea, yakaanza kupata njano kwenye ncha, mbele kabisa ya nyumba, penye macho ya kila mtu. Tulikuwa na wageni Jumamosi. Ijumaa jioni nikachukua mkasi nikayafyeka yote hadi ardhini, nikasawazisha udongo, nikapanda maua ya kiangazi juu yake. Nikapiga picha. Pasafi!

Mwaka uliofuata, kati ya thelathini na moja, zilichanua nne. Zingine zilitoa jani moja moja, pana, limesimama peke yake kama sikio la sungura, halina ua wala dalili yake.

Nililaumu udongo. Nikamwaga mbolea. Nililaumu baridi, nikalaumu kindi kwa mara nyingine, nikamlaumu hata yule mwenzangu aliyenipa mfuko kwamba pengine vilikuwa vya bei rahisi. Sikuulaumu mkasi, kwa sababu mkasi ulikuwa umepita mwaka mzima nyuma, na nani anakumbuka mkasi?

Tulipu ina tabia ambayo dafodili hana. Kitunguu unachokipanda hakiishi. Kinatumia kila kilichonacho kutoa majani na ua, kisha kinasinyaa na kufa, na mahali pake panazaliwa vingine, kimoja kikubwa na vidogo vidogo pembeni. Hao watoto wananyonya kutoka kwenye majani, katika zile wiki sita hivi baada ya ua kudondoka. Yaani wakati ule hasa ambao mmea unachukiza kuutazama ndio wakati unaofanya kazi. Mimi nilikata majani siku ya kumi. Niliwaachisha ziwa watoto ambao hawajafungua macho. Mtoto wa kitunguu asiyefikia unene fulani hawezi kutengeneza ua; anatoa jani moja tu, akusanye nguvu, ajaribu tena mwakani, ukimwachia jani hilo.

Kwa hiyo kinachokatwa ni kile kichwa cha ua lililonyauka peke yake, ili mmea usipoteze nguvu kutengeneza mbegu. Shina na majani vinabaki hadi vife vyenyewe: viwe kahawia, vivutike kwa vidole bila kung'ang'ania. Kuna watu wenye utaratibu wao wanaosuka majani ya dafodili au kuyafunga mafundo kwa mpira ili yaonekane nadhifu. Nimefanya pia. Ni kumfunga mtu mdomo wakati anakula, maana jani linakula jua, na lililokunjwa linashiba nusu.

Lakini hapa ndipo bustani ya mbele inapotofautiana na shamba au na sehemu ya nyuma ya nyumba. Mbele si pako peke yako. Mume wangu anapitisha mashine ya nyasi. Mtoto ana mpira. Mama mkwe ana maoni. Wapita njia nao, hata wasiposema neno, wana macho. Kumwambia mtu “acha majani yaoze polepole mbele ya mlango wetu kwa wiki sita” ni jambo la kujadiliwa kikao kizima, na sisi tulilijadili.

Suluhu haikutoka kwangu. Mama mkwe, ambaye nilikuwa namdhania hapendezwi na jambo hili, alisema tu: “Kwani lazima viwe peke yao? Vipe jirani anayechelewa kuamka.” Tukaanza kupanda vitunguu katikati ya mimea ya kudumu inayochipua baada yake: hosta, na jeraniamu zile za msituni. Wakati tulipu inaanza kukunjamana, hosta anakunjua majani yake mapana na kumfunika. Mzee anakufa nyuma ya pazia, kwa heshima yake. Hii imetusaidia kuliko mbolea zote.

Upande wa nyasi ulikuwa mgumu zaidi. Nilitawanya krokasi mia moja kwenye nyasi (wajuzi watasema krokasi si kitunguu hasa bali kitako kilichovimba, na ni kweli, ila kazi ni ile ile). Niliwarusha kwa mkono na kuwapanda walipodondokea, kwa sababu nimekuja kuchukia mistari. Tulipu iliyopandwa kwa rula, ikikosekana moja, ni kama jino lililong'oka. Zikiwa makundi ya saba, ya tisa, ya kumi na tano, hakuna anayehesabu. Krokasi walitoka theluji ikiwa bado imelala kivulini, zambarau na nyeupe, na mume wangu alifurahi kuliko mtu yeyote. Wiki tatu baadaye, kwa furaha hiyo hiyo, akatoa mashine akakata nyasi.

Hatukugombana, ila palikuwa na ukimya wa chakula cha jioni. Yeye alikuwa anaona nyasi ndefu. Majani ya krokasi ni membamba mno kuyatofautisha. Mwaka uliofuata walirudi kama arobaini hivi. Sasa kuna kipande cha nyasi, umbo la yai, ambacho hakiguswi hadi majani ya krokasi yawe manjano, na amekikatia ukingo safi kabisa kukizunguka ili kila mtu aone kwamba ni makusudi. Nimegundua kwamba ukingo safi unasamehewa mengi. Watu hawachukii majani marefu, wanachukia kutojali.

Jambo la maji ndilo lililonigharimu vitunguu vingi zaidi, na niliielewa kwa pua. Kwenye kona ambapo bomba la maji ya paa linamwagikia, hakuna kitu kilichotoka hata kimoja. Nilipochimba nilikuta uji wa kahawia wenye harufu ya kabati lililofungwa muda mrefu. Nikasikia kwamba dawa ni kuweka mchanga chini ya kila kitunguu. Nikafanya. Vikaoza tena, maana udongo wetu ni mfinyanzi, na shimo lenye mchanga ndani ya mfinyanzi ni bakuli tu: maji yanaingia na hayana pa kutokea. Kilichosaidia ni kuinua. Tulijenga tuta la urefu wa shubiri mbili, tukachanganya mboji na changarawe katika udongo wote badala ya shimo moja moja, na bomba tukaligeuza. Siku hizi kabla ya kupanda mahali papya nachimba shimo, najaza maji, naenda kunywa chai. Nikirudi na maji bado yapo, hapo si pa tulipu.

Kisha kulikuwa na maji yangu mwenyewe. Yale maua ya kiangazi niliyopanda juu ya vitunguu nilikuwa nayamwagilia kila jioni, kwa mapenzi. Tulipu nyingi za asili ni wa milima ya Asia ya Kati, Tien Shan na jirani zake, ambako majira ya baridi ni makali, machipuko yana mvua, na kiangazi ni kikavu kabisa. Huo ukavu ndio usingizi wao. Ndani ya ukavu huo ndipo ua la mwakani linapotengenezwa. Mimi nilikuwa namwamsha mgonjwa kila saa kumpa maji. Dafodili wanavumilia zaidi, wengi asili yao ni mabonde ya Hispania na Ureno yenye unyevu wakati wa machipuko, na kwetu wamekuwa wenyeji kabisa. Ndiyo maana nikiulizwa na anayeanza, nasema dafodili. Tulipu zihesabu moyoni mwako kuwa ua la mwaka mmoja. Zikirudi, ni bahati.

Dafodili nao wana lao. Fungu lililokuwa kando ya ngazi lilichanua vizuri miaka mitano, likaongezeka, likanona majani, kisha maua yakaanza kupungua. Nikafikiri ni njaa. Ilikuwa msongamano: kitunguu kimoja kilikuwa kimekuwa vitunguu kumi na vinne, vimebanana kama abiria. Tuliling'oa majani yalipokauka, tukavitenganisha kwa mikono, na tukavigawa. Nusu ya mtaa sasa ina dafodili zetu. Mwaka uliofuata havikufanya chochote, ule uliofuata vilijaa.

Mwaka wa tatu nilitaka mama mkwe apate maua chumbani kwake kabla theluji haijayeyuka. Inawezekana: unapanda kitunguu kwenye chungu, unakipa baridi ya chini ya nyuzi 9 za Selsiasi kwa wiki 12 hadi 16, halafu unakileta kwenye joto na mwanga, nacho kinadhani machipuko yamefika. Bila baridi hiyo tulipu haitoki ipasavyo. Ua linakwama chini karibu na udongo. Baridi ya nje ilikuwa imepita kiasi kwa chungu kidogo, basi nikaviweka kwenye friji. Nikahesabu wiki kwenye kalenda ukutani kama mjamzito. Majani yalitoka mazuri. Ndani yake, mahali pa ua, palikuwa na kitu kama karatasi iliyoungua.

Droo ya jirani ilikuwa na matunda. Matunda yanayoiva, tufaha hasa, hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo hiyo inayoyaivisha huua ua lililoko ndani ya kitunguu. Jani halidhuriki, kwa hiyo hujui hadi mwisho. Wiki kumi na nne! Mama mkwe alikaa na chungu cha majani dirishani hadi mwisho, akikigeuza kila siku upande wa jua, na hakuniuliza kitu.

Nikampa haiasinti mwaka uliofuata, zikatoka, harufu yake ikajaza nyumba nzima hadi mume wangu akaomba mlango wa chumba ufungwe. Ila nilizipanda mikono mitupu na viganja vikaniwasha usiku kucha. Maganda yake yana vichembe vyenye ncha kali kama sindano, visivyoonekana kwa macho. Glavu.

Nikiwa hapo kwenye madhara, kuna jambo ambalo sitalipamba. Vitunguu vya maua havihifadhiwi jikoni. Dafodili aliyevuliwa maganda ya nje anafanana na kitunguu cha kupikia kiasi cha kumdanganya mtu mzima mwenye haraka, na kuna watu waliokwisha kuugua kwa sababu hiyo. Vyetu vinakaa kwenye sanduku gerejini, kwenye mfuko wa wavu unaopitisha hewa, limeandikwa kwa herufi kubwa. Mbwa anayechimba tulipu anaweza kuugua, na mbolea ya unga wa mifupa inamwita achimbe, kwa hiyo tuliacha kuitumia. Lili zenyewe hatupandi kabisa kwa sababu tuna paka. Hata chavua akiiramba kwenye manyoya inaweza kumharibu figo.

Hata kwenye chombo cha maua dafodili si mtu wa kuchanganywa na watu. Binti yangu alichuma tulipu na dafodili akaziweka pamoja mezani. Kesho yake tulipu zilikuwa zimelala. Shina la dafodili likikatwa hutoa ute unaodhuru maua mengine. Tunazitenga usiku mmoja kwenye ndoo, zitoe ute wote, na tukishazitoa hatuzikati tena shina. Tulipu zenyewe, nadhani wengi wamewahi kuona, zinaendelea kurefuka baada ya kuchumwa na kujipinda kuelekea dirishani. Binti yangu alikuwa anazichora kila siku kwenye ukurasa ule ule, ukawa mchoro wa dansi.

Mwaka wa sita, kati ya tulipu nyekundu, moja ilitoka na michirizi. Nyeupe na nyekundu, kama moto uliochorwa kwa unyoya. Mtu yeyote angesimama. Mume wangu aliiita malkia, akataka tuitenge, tuizalishe.

Nilikuwa nimeshasoma vya kutosha kuogopa. Michirizi ya namna ile kwenye tulipu iliyokuwa ya rangi moja ni ugonjwa wa virusi, unaosambazwa na vidukari kutoka mmea hadi mmea. Ndiyo ile ile iliyowatia watu wazimu Uholanzi karne ya 17, ambako kitunguu kimoja cha aina ya Semper Augustus, nyeupe yenye ndimi nyekundu, kiliombewa bei ya nyumba, hadi soko lilipoanguka Februari 1637. Hakuna aliyejua kwamba walikuwa wananunua mgonjwa. Virusi hudhoofisha kitunguu, kinazaa watoto wachache na wembamba zaidi kila mwaka, kwa hiyo zile zilizopendwa kuliko zote ndizo zilizokuwa zinapotea. Dorothy Cayley, mtafiti wa Uingereza, ndiye aliyeonyesha mwaka 1928 kwamba rangi ile inaambukizwa kutoka kitunguu hadi kitunguu. Tulipu za michirizi zinazouzwa sasa ni nyingine, zimezalishwa hivyo na ni nzima.

Tuliiacha siku tatu. Watu wakaja kuitazama. Siku ya nne niliing'oa na mizizi yake na udongo uliozunguka, nikaitia kwenye mfuko wa taka, si kwenye mboji, na mume wangu hakutoka nje. Sijutii, lakini sikuifurahia, na kila machipuko namwona anapita polepole pale pale, akitafuta.

Kuna kazi moja ndogo ambayo ningeianza tangu mwanzo. Majira ya mapukutiko, ardhi ikiwa tupu, huwezi kukumbuka nini kiko wapi, na nimewahi kuchoma sepetu katikati ya dafodili aliyelala kwa amani zaidi ya mara moja. Sasa, machipuko, nasimama kwenye ngazi ya tatu napiga picha, kila wiki, mahali pale pale. Wakati wa kupanda nazifungua kwenye simu na kuona pengo liko wapi. Nimejifunza pia kuviweka vya mwanzo kabisa, galanthusi na krokasi, karibu na mlango na si mbali kwenye uzio, kwa kuwa vinachanua wakati ambapo hakuna mtu anayetaka kutembea bustanini. Vya karibu utaviona ukitafuta funguo.

Hizo galanthusi ni za mama mkwe. Ni vijiua vyeupe vinavyoinama, na alivitaka baada ya kuviona kwa jirani. Nilinunua vikavu vya mfuko mara mbili, vikakataa mara mbili. Kitunguu chake ni kidogo na hukauka upesi kikikaa nje ya ardhi. Jirani akatupa fungu moja likiwa bado na majani mabichi, mara tu baada ya kuchanua, tukalihamishia siku hiyo hiyo. Vilishika. Sasa vinajisambaza vyenyewe chini ya dirisha la mama mkwe.

Siku hizi hatoki tena mlangoni. Anakaa kitini dirishani, na mwaka jana, majira ya kupanda yalipofika, alikuwa ananielekeza kwa fimbo kupitia kioo: kushoto, hapana, kushoto zaidi. Kitinda mimba, ambaye sasa ananipita urefu, ndiye aliyekuwa anachimba, anapima kina kwa kiganja chake. Tulipofika kitunguu cha mwisho akagonga kioo. Tukafungua dirisha.

“Hicho kipandeni kichwa chini,” akasema. “Nione kama bado nitakijua.”

Tulikipanda kando ya ngazi. Kilitoka siku tisa baada ya wenzake, kifupi, kimepinda shingo, na yeye ndiye aliyekiona wa kwanza.